Maharage ya Shangazi Rusana

Jumamosi, 19 Agosti

Naanza daftari hili leo ili watakaokuja baadaye wajue ni nani aliyechochea pipa la mtaa wa juu. Ni mimi Valko, mjukuu wa Bibi Tonka, umri miaka kumi na tisa, shule niliiacha darasa la tisa kwa hiari yangu. Mwalimu mkuu anasema ilikuwa kwa hiari yake. Tusigombane. Alisema pia kwamba sitamaliza daftari hata moja maishani. Haya mwalimu, kaa uhesabu kurasa.

Bustani zote zimeiva kwa mpigo kama zilizopeana habari. Nyanya, hoho, biringanya, matango, maharage. Wanawake wanakata na kujaza chupa za kioo za mdomo mpana, wanabana vifuniko, kisha chupa zinaletwa uani kwetu na kupangwa ndani ya pipa la chuma, matambara katikati zisigongane, maji juu, moto chini. Baridi ya hapa Bulgaria ikishuka, kilichomo stoo ndicho utakachokula hadi Machi. Babu aliushika moto wa pipa miaka thelathini. Alipofariki mwaka huu, majirani walitazamana, kisha wakanitazama mimi. Sikuomba. Vyeo vingine vinakuja vyenyewe.

Bibi amenipa sheria: "Nyanya dakika kumi. Hoho dakika ishirini. Maharage masaa matatu yakichemka kweli kweli, na usinipunguzie hata dakika. Maharage hayana uchachu wa kujilinda. Ukiyakosea yanafuga sumu, na sumu yenyewe hainuki."

"Bibi, hayo nimeyajua tangu tumboni."

"Tumboni ulikuwa unapiga mateke tu."

Jumapili, 20 Agosti

Nyanya chupa sitini na mbili. Hakuna iliyopasuka. Nasema tu.

Jumatano, 23 Agosti

Siku ya kuchoma hoho. Kijiji chote kinanuka ngozi ya hoho iliyoungua na mimi pia, kichwa mpaka soksi. Shangazi Rusana kaja na makarai mawili. Ni jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mjane, si shangazi wa damu lakini alinibadilisha nepi, na huwa hakosi kulitaja hilo mbele ya wasichana. Vifuniko vyake anavitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha aliyoiacha binti yake Desa, ili chupa zake zisichanganyike na zetu. Desa yuko Uhispania mwaka wa nne, anasafisha vyumba vya hoteli.

"Ana mimba ya miezi mitano," alisema Shangazi huku akimenya. "Hataki nyama, hataki samaki. Ananiambia, Mama, nikifumba macho naona maharage yako tu."

"Yetu, Shangazi," nikamwambia. "Wewe unayajaza, mimi ndiye ninayeyafanya yadumu."

"Msikilizeni! Huyu nilimbadilisha nepi."

Gancho alipita akaning'inia juu ya ua. Huyo ni rafiki yangu, kama mtu anaweza kumwita rafiki kiumbe wa namna ile. "Valko, aproni ya bibi yako inakukaa vizuri kiunoni."

"Na wewe baridi hii utakula nini? Ulimi wako?"

Wanawake walicheka mpaka Bibi akajipaka hoho usoni. Gancho aliondoka mwekundu. Nimeshinda.

Jumatatu, 28 Agosti

Mvua. Pipa limepumzika. Nilikwenda dukani na watu watatu waliniita Bwana Pipa. Nikajifanya sikusikia, ili waniite tena.

Jumamosi, 2 Septemba

Leo maharage. Chupa arobaini na nne, ishirini na sita za Shangazi Rusana na kumi na nane zetu. Masaa matatu kamili. Kila kitu kimekwenda sawa.

Jumapili, 3 Septemba

Hakuna la kuandika.

Jumatano, 6 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nimefunua ukurasa wa Jumamosi nikausoma. Ni uongo. Nilitaka kuuchana, lakini nimeona nikichana nitakuwa nimedanganya mara mbili, kwa hiyo naandika.

Jumamosi Bibi na Shangazi Rusana walikwenda kwenye arobaini ya binamu wa Bibi, kijiji cha ng'ambo ya mto. Waliondoka saa saba na nusu mchana, pipa lilipoanza kuchemka. Bibi alinielekeza kidole. "Masaa matatu."

"Nenda Bibi, msije mkakosa keki ya ngano ya kumkumbuka marehemu."

Saa nane Gancho akatokea na pikipiki. Si ya mtu mwingine, yake, kaipata kwa mjomba wake, nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja. Akazima injini pale getini akanitazama mimi na aproni.

"Twende mpaka darajani. Dakika tano. Au lazima uombe ruhusa kwa biringanya?"

Nikasukumia magogo matatu manene chini ya pipa, nikajiambia hayo yatashika saa nzima. Tukaenda darajani. Kutoka darajani tukaenda kituo cha mafuta, kwa sababu kituoni kulikuwa na watu wa kutuona. Kurudi, pikipiki ikakohoa mara mbili ikafa. Tukaisukuma kilomita nne, Gancho akiilaani na mimi nikimlaani Gancho.

Nilifika nyumbani saa kumi na robo. Magogo yalikuwa mabichi. Yalikuwa yameungua nje, yakawa meusi, yakazimika. Hapakuwa na moshi hata kidogo. Nikaingiza mkono ndani ya maji ya pipa. Uliingia mpaka kiwiko na haukuungua. Niliuacha humo, sijui kwa muda gani, nikitazama vifuniko chini ya maji, vyenye nukta nyekundu na visivyo na nukta.

Nikakoka upya kwa kuni nyembamba na mafuta ya taa. Likachemka. Wanawake waliporudi saa kumi na moja na nusu walilikuta pipa linanguruma kama treni.

"Limetimiza?" akauliza Bibi.

"Masaa matatu kamili, na kidogo cha nyongeza."

Lilikuwa limechemka nusu saa mwanzoni, labda na dakika kumi, na dakika hamsini mwishoni. Katikati hakuna kitu. Shangazi Rusana alinishika masikio mawili akanibusu paji la uso. "Babu yako kafufuka," akasema.

Nilipaswa kusema: moto ulizimika, naanza upya. Hayo tu. Wangenipigia kelele, tungekaa uani hadi usiku uingie, tungekula mkate na jibini tukingoja, basi. Lakini wiki mbili nzima nilikuwa nimeuambia mtaa kwamba Bulgaria yote haina mchocheaji kama mimi. Sentensi ile haikupata mahali pa kutokea.

Labda hayana neno. Dakika tisini si dakika sifuri.

Jumapili, 10 Septemba

Shangazi Rusana amenifumia soksi. Za sufu, rangi ya kijivu, kisigino kimefumwa mara mbili. "Kwa miguu iliyosimama motoni masaa matatu." Alisema mbele ya mke wa padri wetu wa Kiorthodoksi, na mke wa padri akasema vijana wa siku hizi si wote wameoza.

Nimezitia chini ya godoro.

Jumatano, 13 Septemba

Tumefanya rojo la hoho na nyanya. Nilikoroga sufuria masaa manne bila kubanduka. Bibi: "Umekuwa mpole, unaumwa?"

Alhamisi, 21 Septemba

Mvua siku ya tatu. Gancho kauza pikipiki.

Jumapili, 24 Septemba

Kuni za Shangazi Rusana zinakaa stoo yake, chini ya nyumba, na mimi ndiye ninayempangia. Chupa zake ziko humo humo, rafu ya kushoto. Kila ninapokwenda nagonga vifuniko kwa kifundo cha kidole, kama Babu alivyonifundisha. Kifuniko kizima kinasema ting. Kilichoachia kinasema dup.

Leo kimoja kilisema dup.

Nilikigonga mara sita nikidhani kitabadilisha maneno. Kifuniko kilikuwa kimetuna katikati kidogo sana, mtu asiyejua asingeona. Shangazi alikuwa juu anaimba. Nikaificha chupa ndani ya koti, nikapita jikoni kwake nikiwa nimebana kwapa.

"Kaa unywe chai, mwanangu."

"Bibi ananiita, Shangazi."

"Huyo Tonka anakutumikisha kama punda. Mwambie nimesema."

Nimeizika nyuma ya banda la kuku.

Jumamosi, 30 Septemba

Ya pili. Nayo nimeizika hapo hapo. Zetu kumi na nane zote bado zinasema ting, na hilo linanitisha zaidi, kwa sababu Bibi alisema ile sumu mbaya hainuki, na sasa najiuliza kama inabadilisha hata mlio wa kifuniko. Bibi hafungui chupa kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitar, tarehe 26 Oktoba. Ni sheria ya nyumba hii, kabla ya hapo mtu anakula kilicho bustanini. Kwa hiyo nina siku ishirini na sita. Za kufanya nini, sijui.

Jumatatu, 2 Oktoba

Ishirini na nne.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimemwuliza Bibi, kama mtu anayeuliza kwa kupitisha muda, hivi kuna mtu aliyewahi kufa kwa chupa.

Hakuinua kichwa, alikuwa anachambua mbegu. "Mwalimu mmoja wa kijiji cha mama yangu. Yeye na mkewe. Maharage. Kwanza walianza kuona vitu viwili viwili, wakacheka, wakadhani ni pombe ya rakia. Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

"Wewe hujawahi kutaka kujua kitu tangu uzaliwe."

Jumamosi, 14 Oktoba

Shangazi Rusana amekuja amevaa kitambaa chake cha kanisani. Basi la Uhispania linaondoka Ijumaa kutoka uwanja wa kijiji. Anamtumia Desa boksi. Rojo chupa nne, hoho za kuchoma chupa tatu, maharage chupa kumi.

"Kumi, Shangazi? Huko maharage hawana?"

"Wanayo. Anasema yana ladha ya maji ya bomba. Mimba miezi saba sasa, mtoto anageuka humo ndani kama samaki. Utanibebea boksi kwa toroli? Mgongo wangu hauwezi."

Nilifungua mdomo. Niliufungua kweli, hilo naweza kuapa. Lakini yeye akaendelea: "Nimemwambia Desa, haya kayachemsha Valko. Akacheka, akasema yule niliyekuwa nambeba mgongoni? Nikamwambia ndiye huyo huyo, na sasa usimcheke, amekuwa mtu."

Nikasema ndiyo, nitabeba.

Jumatano, 18 Oktoba

Mpango: nitaliangusha. Barabara ya uwanjani ina shimo kubwa mbele ya duka la mkate. Gurudumu likiingia, boksi linapinduka, chupa kumi zinavunjika, mimi naitwa mjinga, jioni wamesahau. Kuitwa mjinga nimezoea.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mpango haukufaulu.

Boksi lilikuwa limefungwa kwa kamba, na ndani yake kila chupa ilikuwa imevalishwa. Namaanisha kuvalishwa: fulana za Desa za utotoni, skafu, mguu wa suruali ya sufu. Shangazi hakutangulia mbele wala hakubaki nyuma. Alitembea kando ya toroli, kiganja chake kimetulia juu ya boksi, kama unavyomwekea mkono mtoto mwenye homa. Tulipofika kwenye shimo akasema, "Taratibu hapo, mwanangu," nami nikapita taratibu.

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye sigara sikioni. "Humo mna nini, mama?"

"Maharage na hoho. Za binti yangu."

"Wiki iliyopita maharage ya mtu yalinilipukia Italia. Basi zima lilinuka kama zizi. Yamechemshwa sawasawa haya?"

"Masaa matatu," akasema Shangazi Rusana kabla sijavuta pumzi. "Kayasimamia huyu hapa. Hakubanduka."

Dereva akanitazama, akatikisa kichwa kwa heshima, mwanaume kwa mwanaume. Uongo wangu ulikuwa umehamia kinywani mwake Shangazi na ulitoka safi, hauna hata vumbi. Basi likaondoka. Yeye akalipungia mpaka likapinda, ingawa ndani hapakuwa na mtu anayemjua.

Linafika Jumapili alasiri.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimesema.

Nilimkuta bustanini kwake anang'oa liki, vile vitunguu virefu vya majani. Nilisimama nje ya mistari ya liki kama mtu wa kukusanya bili ya umeme.

"Shangazi, maharage hayakuchemka."

"Yapi?"

"Yote. Siku ile ya arobaini. Moto ulizimika nikiwa sipo."

Akacheka. Akanirushia udongo. "Nenda zako huko! Mwezi wa nane ulinidanganya bwana posta kanichumbia, nikabadilisha gauni."

"Safari hii sidanganyi."

"Ndivyo ulivyosema hata kuhusu bwana posta."

Sikujua kama kuna adhabu ya namna hii, kusema kweli kwa mtu anayekucheka kwa upendo. Nikaeleza pikipiki, akacheka. Nikaeleza mkono ndani ya pipa, akasema ningekuwa mwigizaji. Mwisho nikachukua jembe lake, nikaruka ua, nikamwita aje nyuma ya banda letu la kuku. Alikuja bado anafuta macho kwa kicheko. Nikachimba.

Chupa ya kwanza ilikuwa imepasuka huko chini, na harufu ilitoka kabla ya udongo kwisha. Ya pili ilikuwa nzima, kifuniko kimetuna kama kichuguu, nukta nyekundu katikati. Nilimpa. Aliifuta udongo kwa aproni yake, akaisogeza karibu na macho, akaitazama ile nukta kwa muda mrefu sana. Kicheko hakikuondoka usoni mara moja. Kilibaki pale peke yake, kimesahauliwa.

Kisha akasema, "Desa."

Tulikimbia wote wawili. Simu ya Desa ilikuwa imezimwa, na namba ya dereva hakuna aliyekuwa nayo. Tulipiga mpaka saa sita mchana, kisha kila nusu saa. Bibi alitoka jikoni akauliza kuna nini, nikamwambia na yeye, sentensi zile zile. Bibi hakunipiga. Alikaa kwenye kigoda akavua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mchana mbele ya mtu, hata siku ya maziko ya Babu.

Jumapili, 22 Oktoba

Desa amepokea simu saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Sauti ilikuwa ya shangwe mpaka ikasikika jikoni kote bila spika.

"Mama! Limefika! Sikungoja hata kufika nyumbani, nimefungua moja pale pale kituoni, nimekula kwa vidole nimesimama, watu wananitazama, nusu chupa, Mama, tamu, nimelia..."

Shangazi Rusana alininyooshea simu. "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Nilianza na pikipiki, nikaona hapana, nikaanza na sumu. Nilimwambia asile tena, asionje, asimpe mtu, aende hospitali sasa hivi, achukue na ile chupa. Nikasikia gari likipita huko Uhispania.

"Valko," akasema, "mimi nina mtoto tumboni."

"Najua."

"Ulijua hilo Ijumaa?"

"Nilijua."

Akakata.

Jumatatu, 23 Oktoba

Desa mzima. Wamemlaza wamtazame. Daktari kasema siku za kwanza ndizo za hatari kubwa, lakini wahesabu hata kumi.

Jumanne, 24 Oktoba

Desa mzima.

Nimetoa chupa zetu kumi na nane na za Shangazi kumi na nne zilizobaki. Bibi alisimama juu yangu. Tumechemsha kila moja kwanza na kifuniko chake ili sumu ife, kisha nikazika zote kwa kina, mita moja na nusu, mbali na kisima. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama kwenye ua. Hakuna aliyeuliza. Kila aliyekuja, Bibi alinigeukia mimi, akangoja, na mimi nikaeleza. Mara saba. Ilipofika ya tano nilijikuta naeleza vizuri, na vichekesho vidogo, na hapo ndipo nilipojichukia kuliko siku zote.

Baba yake Gancho akasema, "Na nyanya zangu je?" Nikamwambia nyanya zilikuwa sawa, nilikuwepo. Akasema, "Unasema wewe." Jioni nilimwona anazimwaga.

Jumatano, 25 Oktoba

Desa mzima. Anaona kitu kimoja kimoja.

Alhamisi, 26 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Dimitar

Desa mzima. Meza yetu haikuwa na chupa. Bibi alipika viazi.

Ijumaa, 27 Oktoba

Desa mzima. Wamemruhusu arudi nyumbani, kila asubuhi anapita hospitali kuangaliwa.

Nilikwenda getini kwa Shangazi Rusana na kuni. Nilizipanga nje ukutani, kwa sababu stoo kaifunga kwa kufuli. Akatoka akasimama mlangoni.

"Mimi sikukasirikia moto," akasema. "Moto unazimika. Wa babu yako ulizimika mwaka wa mvua ya mawe, akatuita wote akatutukana kana kwamba tumeuzima sisi, tukaanza upya. Ninakasirika kwa sababu ulikaa ukanisikiliza nikikusifu. Kwa mke wa padri. Kwa dereva. Kwa mtoto wangu. Ulinifanya niwe mwongo mzee, Valko, bila kuniambia."

Nilipanga upya kuni ambazo tayari nilikuwa nimezipanga.

"Na soksi zangu umezipeleka wapi? Sijaziona miguuni mwako hata siku moja."

"Chini ya godoro."

"Kwa nini?"

"Zinaniunguza."

Akaingia ndani akafunga mlango, si kwa kishindo. Heri angeubamiza.

Jumapili, 29 Oktoba

Desa mzima. Mtoto anacheza.

Jumatatu, 30 Oktoba

Desa mzima.

Jumanne, 31 Oktoba

Desa mzima. Dukani kijana mdogo aliniita Bwana Pipa, mama yake akamfinya. Nikasema usimfinye.

Jumatano, 1 Novemba

Siku kumi zimetimia. Desa mzima, mtoto mzima. Daktari kasema ama chupa ile haikuwa na kitu, ama Mungu alikuwa kazini. Bibi alipiga ishara ya msalaba mara tatu kisha akanituma kuchota maji, kwa sauti ya kawaida. Nilikwenda. Kule kisimani nikakaa chini ya roda na ndoo tupu mpaka kuku wakaja kunitazama.

Jumamosi, 4 Novemba

Baridi ya kwanza imepiga, nyasi nyeupe. Kilichobaki bustanini ni nyanya za kijani ambazo hazitaiva tena na karoti na koliflawa chache. Bibi anazitia chupani na siki. Akaniambia, "Washa."

"Nani ataleta chupa kwangu?"

"Mimi naleta. Washa."

Niliwasha saa nne asubuhi, kuni kavu, nimezipasua mwenyewe na kuzipima moja moja kwa jicho. Chupa za Bibi kumi na mbili, pipa nusu tupu. Watu walipita barabarani na makarai yao wakielekea kwa baba yake Gancho, ambaye amejipatia pipa lake. Hawakunitukana. Walinisalimia vizuri kama unavyomsalimia mtu aliyefiwa.

Saa nne na nusu geti likalia. Shangazi Rusana, na kikapu. Ndani yake chupa tisa, karoti na koliflawa na maharage ya mwisho kabisa aliyoyakuta yamejificha chini ya majani, yote pamoja. Vifuniko vyake vina nukta. Hakunipa kikapu. Alizipanga mwenyewe ndani ya pipa, tambara kwa tambara, akipuliza vidole kwa baridi. Kisha akaenda kwa Bibi akarudi na kigoda, na mfukoni mwa koti akatoa saa ya mezani, ile ya kengele, akaitia ufunguo.

"Kwa kuwa mna maharage ndani, ni masaa matatu," akasema.

"Masaa matatu."

"Mimi sikuamini tena, Valko."

"Najua, Shangazi."

"Basi nitakaa."

Akakaa, uso kwa uso na mimi, pipa kati yetu. Saa tano kasoro dakika tano likaanza kuchemka, akaitega kengele ya masaa matatu, akaweka saa juu ya goti. Sikusema kitu cha kuchekesha. Kilinijia kimoja, kuhusu koti lake, nikakiacha kipite. Niliongeza kuni, nikaongeza maji ya moto yaliposhuka, nikaongeza kuni. Alitazama mikono yangu, si uso. Bibi alileta chai, akampa yeye, na baada ya kufikiri akanipa na mimi. Moshi ukigeuka upande wake nilihama nikasimama kuukinga, na yeye hakusema asante wala hakusema acha.

Saa nane kasorobo dakika zilizobaki zilikuwa kumi. Shangazi Rusana alisimama, akajinyoosha mgongo kwa mkono, akatazama chini ya pipa, akanitazama.

"Miguu imekufa ganzi," akasema. "Naenda zangu ndani."

Aliiacha saa juu ya kigoda. Akapita getini bila kugeuka, nikasikia mlango wake ukifunguka na kufungwa.

Nikasimama pale pale. Kengele ilipolia sikuizima, niliiacha ilie, isikike mpaka ng'ambo ya ua, hadi ufunguo ukaisha.